Faraday, Mtoto wa Mhunzi

Michael Faraday alizaliwa Uingereza mwaka wa 1791. Baba mhunzi, pesa za shule hakuna. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza kujalidi vitabu, akawa anavisoma humo humo kazini. Hapo ndipo nilipompenda! Mwaka wa 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme hutokea. Kwa kanuni hiyo, siku hizi madaktari huweka koili juu ya kichwa, sumaku yake ikazua umeme mdogo ubongoni, kutibu sonona, ile huzuni isiyoisha. Marekani iliruhusu mashine hiyo mwaka wa 2008.

Shangazi yangu anayo sonona; majirani husema eti karogwa. Nilimsimulia kwamba Faraday naye akili ilimchoka, akawa anasahau mambo, akapunguza utafiti kwa miaka. Akaniuliza kama alipona. Nikamwambia mwaka wa 1845 alikuwa maabarani tena, akagundua kuwa sumaku huathiri hata mwanga, na hakufa hadi 1867.