Sophie Germain na Ulizo la Bamba

Watoto, shikeni rula ya mti. Bonyezeni ncha moja juu ya meza, ncha ya pili itokeze nje. Ivuteni chini kidogo, kisha iacheni. Rula inatetemeka, inalia, halafu inanyoka tena kama mwanzo. Kila mtoto amecheza mchezo huo. Lakini ni nguvu gani inayoinyosha rula? Tena, je, yawezekana kuihesabu? Leo tutasoma maisha ya mwanamke aliyefuata ulizo la namna hiyo miaka mingi.

Sophie Germain alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 1 Aprili 1776. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hariri. Sophie alipopata miaka 13, mapinduzi makubwa yalianza mjini. Njia zilijaa watu wenye hasira, ikambidi akae nyumbani. Basi akaingia katika chumba cha vitabu vya baba yake. Huko akasoma habari za Archimedes, mwenye hekima wa zamani. Waroma walipouteka mji wake, mzee huyo alikuwa ameinama juu ya hesabu zake, asisikie kitu, hata askari akamwua. Sophie akawaza kwamba elimu inayomshika mtu namna hiyo lazima ina utamu mwingi. Akaanza kujifunza hesabu peke yake.

Wazazi wake hawakupenda. Siku zile watu walidhani kwamba hesabu si kazi ya msichana. Husimuliwa kwamba usiku walimnyang'anya mishumaa, wakazima moto chumbani, wakaficha nguo zake ili asitoke kitandani. Sophie alingoja wote walale, akajifunika mablanketi, akawasha mishumaa aliyoificha. Baridi ilikuwa kali hata wino ukaganda. Mwishowe wazazi wakaona hawatamshinda, wakamwacha.

Mwaka 1794 shule kubwa ya mainjinia ilianzishwa Paris, lakini wasichana hawakupokelewa. Sophie akajipatia madaftari ya masomo, akaandika kazi, akaipeleka kwa mwalimu Lagrange. Hakutia jina lake. Alitia jina la mwanafunzi mwanaume, Le Blanc. Lagrange alipoona akili iliyomo, akataka kumjua mwandishi. Akakuta ni mwanamke! Hakumdharau, bali akamsifu na kumsaidia.

Mwaka 1808 Mjerumani mmoja, Chladni, alifika Paris. Alinyunyiza mchanga juu ya bamba jembamba la madini, akasugua ukingo wake kwa upinde wa fidla. Bamba likalia, na mchanga ukaruka-ruka, ukajipanga katika mistari ya kupendeza, mingine kama nyota. Sababu yake ni hii: bamba linapotetemeka, kuna mahali panapopanda na kushuka, na kuna mahali panapotulia. Mchanga hufukuzwa kule, hukusanyika huku. Lakini hakuna aliyeweza kuonyesha kwa hesabu mistari itapita wapi. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alishangaa sana. Mwaka 1809 Akademia ya Sayansi ya Paris ikatangaza zawadi kwa atakayelijibu ulizo hilo. Hata Lagrange aliona kwamba hesabu za wakati ule hazikutosha. Wengi wakaogopa.

Sophie hakuogopa. Aliwaza hivi: ukilipinda bamba, lenyewe hushindana nawe ili lirudi kama lilivyokuwa. Kadiri linavyopindika zaidi, ndivyo linavyoshindana zaidi. Basi tupime kupindika kwake, tutaijua nguvu yake. Mwaka 1811 alipeleka kazi yake. Ilikuwa peke yake, hakuna mwingine aliyeleta. Lakini ilikuwa na makosa, maana Sophie hakupata kufundishwa kwa taratibu kama wanaume wa shule kubwa. Akanyimwa zawadi. Lagrange akasahihisha hesabu, Sophie akaanza tena. Mwaka 1813 alisifiwa, lakini zawadi hakupewa, kwa sababu hakuonyesha vizuri hesabu ile ilitoka wapi. Akaanza mara ya tatu. Tarehe 8 Januari 1816 Akademia ikampa zawadi. Hakuna mwanamke aliyeipata kabla yake.

Siku ya kuipokea, Sophie hakwenda. Tena alijua kwamba kazi bado ina upungufu, hivyo hakuiacha. Mwaka 1821 alichapisha kitabu chake kwa fedha zake mwenyewe. Mwaka 1829 alishikwa na ugonjwa wa kansa, lakini hata katika maumivu aliendelea kuandika juu ya kupindika kwa vitu. Alikufa tarehe 27 Juni 1831, mwenye miaka 55. Mwaka 1850 Mjerumani Kirchhoff alisahihisha yale yaliyobaki katika hesabu ya mabamba.

Mwaka 1889 mnara mrefu wa chuma wa Eiffel ulimalizika Paris. Juu yake waliandika majina 72 ya watu wenye elimu. Jina la Sophie halikuwamo. Lakini leo injinia anayetaka kujua bamba la chuma la meli au la daraja litapindika kiasi gani, hufuata njia ambayo Sophie alikuwa kati ya watu wa kwanza kuipita.

Watoto, Sophie alikosa mara mbili mbele ya wenye elimu. Hakukasirika wala hakujificha. Alitafuta kosa lake lilipo, akarudi. Nanyi daftari likirudi na alama nyekundu, msilitupe. Lifungueni.

MAULIZO
1. Kwa nini Sophie alitia jina la Le Blanc katika kazi yake?
2. Mchanga ulikusanyika mahali gani juu ya bamba?
3. Sophie alipeleka kazi yake mara ngapi? Kila mara alipata nini?
4. Pinda kijiti kibichi kidogo, kisha zaidi. Mkono wako unasikia nini?