Jean-Jacques d'Ortous de Mairan

Jean-Jacques d'Ortous de Mairan (Béziers, 26 Novemba 1678 – Paris, 20 Februari 1771) alikuwa mwanafizikia na mwanaastronomia wa Ufaransa. Anakumbukwa hasa kwa jaribio dogo la mwaka 1729 kuhusu mmea unaofunga majani usiku. Jaribio hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa utafiti wa saa ya ndani ya viumbe hai.

Maisha

Alizaliwa katika mji wa Béziers, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alifariki alipokuwa bado mtoto mdogo. Alisoma lugha za kale huko Toulouse, kisha akaenda Paris kusoma hisabati na fizikia. Baadaye alirudi Béziers na kuendelea na utafiti akiwa nyumbani.

Kati ya miaka 1715 na 1717 alishinda mara tatu mfululizo tuzo ya Akademia ya Bordeaux, mojawapo kwa maandiko yake juu ya barafu. Mwaka 1718 alipokewa katika Akademia ya Sayansi ya Paris. Kuanzia 1741 hadi 1743 alikuwa katibu wa akademia hiyo baada ya Fontenelle, na mwaka 1743 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Kifaransa.

Jaribio la mwaka 1729

De Mairan alitazama mmea wa jamii ya kifauongo, ambao hukunjua majani yake mchana na kuyakunja usiku. Wakati huo wengi walidhani ni mwanga wa jua unaosababisha mwendo huo. Aliuweka mmea mahali penye giza, akaona kwamba majani yaliendelea kufunguka na kufunga kwa nyakati zilezile.

Yeye mwenyewe hakulipa jambo hilo uzito mkubwa. Habari ilifikishwa kwenye akademia na rafiki yake Jean Marchant, mtaalamu wa mimea, ikachapishwa kama taarifa fupi tu. Tena taarifa hiyo haikutaja saa ya ndani: ilieleza kwamba mmea unalihisi jua bila kuliona, kama wagonjwa kitandani wanavyotambua tofauti ya usiku na mchana.

Jaribio lilikuwa na upungufu, maana huenda mmea ulifuata joto la mchana na baridi ya usiku. Katika miaka ya 1750 Henri-Louis Duhamel du Monceau alilirudia mahali ambapo joto halikubadilika, na mwendo wa majani haukukoma. Mwaka 1832 Mswisi Augustin Pyramus de Candolle alionyesha kwamba bila mabadiliko ya mwanga mzunguko wa kifauongo huchukua saa 22 hadi 23. Kwa kuwa si saa 24 kamili, haukuweza kuongozwa na jua. Ulitoka ndani ya mmea wenyewe.

Kazi nyingine

Mwaka 1733 alitoa kitabu kikubwa juu ya mianga ya kaskazini. Aligundua pia wingu la nyota linaloitwa leo Messier 43, katika kundinyota la Jabari. Mwaka 1741 alibishana hadharani na Émilie du Châtelet kuhusu namna ya kupima nguvu ya gimba linalotembea.

Urithi

Chanzo cha saa hiyo kilianza kujulikana mwaka 1971, Ronald Konopka na Seymour Benzer walipopata inzi wa matunda ambao mpangilio wao wa siku uliharibika kwa sababu ya jeni moja, iliyoitwa period. Mwaka 1984 jeni hiyo ilitengwa na watafiti wa Marekani Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliopewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2017.

Jeni hiyo hutengeneza protini inayojikusanya katika seli wakati wa usiku. Ikishaungana na protini nyingine huingia katika kiini cha seli na kuizima jeni iliyoitengeneza. Mchana protini huvunjwavunjwa, jeni huamka tena, na mzunguko huanza upya baada ya takriban saa 24. Mimea, kifauongo kikiwa kimojawapo, hutumia jeni tofauti, lakini kanuni ni ileile ya jeni kuzimwa na zao lake.

Bonde la kasoko la Mairan kwenye Mwezi limepewa jina lake.