Christiaan Huygens: Mholanzi aliyepima nguvu ya mzunguko

Basi linapoingia kwenye kona kwa kasi, abiria hulaliana na kila mmoja hutafuta pa kushika. Kanuni ya kupima nguvu inayohusika hapo, ambayo wanafunzi wa sekondari huikariri kabla ya mtihani, ilipatikana mwaka 1659. Aliyeipata ni Mholanzi wa miaka 30, Christiaan Huygens.

Huygens alizaliwa The Hague tarehe 14 Aprili 1629, katika familia yenye uwezo. Baba yake, Constantijn, alikuwa mshairi na mwanadiplomasia, na miongoni mwa marafiki zake alikuwemo mwanafalsafa Mfaransa René Descartes. Kijana alipelekwa Leiden kusoma sheria, lakini hisabati ndiyo iliyomteka.

Mwaka 1655 aligundua Titan, mwezi wa sayari ya Zohali. Mwaka uliofuata akabuni saa inayoongozwa na pendulamu. Saa za zamani zilipotea kwa takriban robo saa kila siku. Yake ilipotea chini ya dakika moja.

Kisha akaigeukia hoja ya mzunguko. Alimwazia mtu aliyefungwa kwenye ukingo wa gurudumu kubwa linalozunguka, ameshika uzi wenye kitufe kizito mwishoni. Mtu huyo angehisi kitufe kikivuta kwenda nje, na uzi ukiachiwa, kitufe kingeendelea mbele kwa mstari ulionyooka. Mvuto huo Huygens aliuita nguvu ya kukimbia katikati, na akaupima. Kwa lugha ya leo: zidisha tungamo kwa kipeo cha pili cha mwendokasi, kisha gawanya kwa nusu kipenyo cha duara.

Chukua jiwe la kilo 1 kwenye kamba ya mita 1. Likizunguka kwa mita 2 kwa sekunde, kamba inahitaji kulivuta kwa nyutoni 4. Ongeza mwendo hadi mita 4 kwa sekunde, nguvu inakuwa nyutoni 16. Mwendo umeongezeka mara mbili, nguvu mara nne. Ndiyo maana dereva anayeingia kwenye kona kwa kilomita 80 kwa saa badala ya 40 anayadai matairi yake mshiko mara nne zaidi.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama: nguvu inaelekea nje au ndani? Ukimtazama abiria ukiwa umesimama barabarani, hakuna kinachomsukuma nje. Mwili wake unataka kwenda moja kwa moja, na kiti ndicho kinachomvuta kuelekea katikati ya kona. Yule aliye ndani ya basi ndiye anayehisi kutupwa nje, kama mtu wa Huygens kwenye gurudumu.

Huygens hakuwa na haraka ya kuchapisha. Mwaka 1666 aliitwa Paris kujiunga na Chuo cha Sayansi cha Mfalme Louis wa 14, na mwaka 1673 alitoa kitabu kuhusu saa. Mwishoni aliorodhesha kanuni zake za mzunguko bila uthibitisho wowote. Uthibitisho ulichapishwa mwaka 1703, wakati yeye alishafariki.

Wakati huohuo, Isaac Newton kule Uingereza alikuwa ameifikia kanuni ileile kwa njia yake. Mwaka 1687 alionyesha kwamba nguvu inayozishika sayari katika mzunguko inatoka kwenye Jua, na hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Akaiita nguvu ya kuelekea katikati, jina alilolitunga kwa kumheshimu Huygens.

Huygens alikuwa ameshika ufunguo huo kwa miaka 28. Hata alipoonyeshwa mlango, alikataa kuingia. Alikubali hesabu za Newton, na mwaka 1689 alisafiri hadi London wakaonana, lakini hakukubali kwamba Jua linaweza kuvuta sayari kupitia mahali patupu. Tangu ujana aliamini kwamba kitu husogea kwa kuguswa na kitu kingine, kama Descartes alivyofundisha.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya upweke. Aliondoka Paris akiwa mgonjwa mwaka 1681. Mwaka 1685 Waprotestanti kama yeye walinyimwa haki zao Ufaransa, na hakurudi tena. Hakuoa. Alifariki The Hague tarehe 8 Julai 1695, akiwa na miaka 66.

Tarehe 14 Januari 2005, chombo chenye jina lake kilitua juu ya Titan, mwezi alioupata akiwa na miaka 25. Kilipelekwa huko na Cassini, chombo kilichokuwa kikiizunguka Zohali. Mzunguko huo ulifuata kanuni ya Huygens, na kilichoushikilia ni ule mvuto wa mbali alioukataa.