Maisha ya Marehemu Daniel Owino Misiani, Mwimbaji wa Mafumbo

Baada ya hesabu za michango, na habari za karo na za mazishi, yafaa taarifa ya mwaka impe msomaji pia maisha ya mtu mmoja aliyekwisha fariki, ambaye kazi yake iliwafaa wengi. Mara hii tumemchagua marehemu Daniel Owino Misiani, mpiga gitaa na mtunzi wa nyimbo. Hakuzaliwa Oyugis, wala hakupata kuwa mwanachama wetu. Walakini katika masoko ya kwetu, tangu hapa hata Homa Bay na Migori, sauti yake ilisikika kwa muda wa miaka ipatayo arobaini, na wazee wetu wengi walijifunza kwake namna ya kusema neno zito bila kulitaja.

Misiani alizaliwa tarehe 22 Februari, 1940, huko Nyamagongo, katika nchi ya Shirati, mkoa wa Mara, Tanganyika. Mtu akitoka Migori akashika njia ya kusini na kuvuka mpaka, hana mwendo mrefu mpaka kufika Shirati. Mpaka huo ulipigwa na Waingereza na Wajerumani katika karne ya 19, nao uliwakata Wajaluo wakawa wa serikali mbili, hali lugha yao ni moja, ziwa lao ni moja, na ngoma zao ni zile zile. Jambo hili msomaji alikumbuke, maana lilimfuata Misiani maisha yake yote: Kenya alikuwa mzaliwa wa Tanzania, na Tanzania alikuwa mtu aliyepata sifa yake Kenya.

Wazazi wake walikuwa waimbaji wenye heshima katika jamaa yao, lakini pia walikuwa watu wa dini sana, nao hawakuridhika kumwona kijana wao akishika gitaa na kuimba nyimbo za dunia. Katika miaka ya 1960 aliondoka kwao akaja Kenya kutafuta kazi ya muziki. Kundi aliloliunda lilibadili jina mara kwa mara, mpaka likajulikana kila mahali kwa jina la Shirati Jazz. Hivyo jina la nyumbani kwao likabandikwa juu ya santuri zilizouzwa Kisumu na Nairobi, na watu ambao hawakupata kuiona Shirati wakaijua kwa masikio.

Muziki alioupiga ni ule uitwao benga. Misiani hakuwa peke yake katika kuulea. Walikuwapo wenzake mashuhuri, kama George Ramogi na Collela Mazee, na kabla yao wengine. Hata hivyo nchi za nje alipewa jina la babu wa benga, na jina hilo halikuwa la bure. Ili kuifahamu benga, yapasa kwanza kuifahamu nyatiti. Nyatiti ni kinanda cha nyuzi nane. Mpigaji huketi chini kabisa, amefunga njuga mguuni na kuvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, na kwa pete hiyo huligonga gogo la kinanda ili kushika mwendo. Vidole vyake hudonoa nyuzi mbio mbio, na sauti yake hupita juu ya nyuzi hizo kama mtu anenaye barazani. Vijana wa kizazi cha Misiani walichukua udonoaji huo wakautia katika gitaa. Gitaa la solo likawa halipigwi kwa kuufuata wimbo kwa mbali, bali humjibu mwimbaji neno kwa neno. Na gitaa la besi, badala ya kutulia nyuma, likachangamka na kuruka kama mguu wa mchezaji.

Ufundi wao wa kupanga wimbo nao wastahili kutazamwa. Santuri ndogo za siku zile zilikuwa na pande mbili, na kila upande ulichukua dakika chache tu. Kwa sababu hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza iliyabeba maneno, nayo huenda kwa utaratibu ili kila mtu asikie; sehemu ya pili maneno hupungua, magitaa yakashindana, na watu wakainuka. Msikilizaji alipewa kwanza jambo la kufikiri, kisha akapewa nafasi ya kucheza. Katika miaka ya 1970 santuri za namna hii zilienea mbali sana. Bwana Phares Oluoch Kanindo, aliyekuwa mtengenezaji na mfanya biashara wa santuri, alizipeleka hata kusini mwa Afrika, na huko Zimbabwe watu wakauita muziki wenyewe kanindo, kwa jina lake.

Lakini lililomtenga Misiani na wengi ni maneno. Wengine waliimba uzuri wa wanawake na wakawasifu matajiri waliowatunza. Naye pia aliimba hayo, maana mwimbaji hula kwa sifa. Juu ya hayo aliimba mambo ya utawala, habari za kale, na visa vya Biblia, hata watu wakampa jina la Mfalme wa Historia. Aliimba zaidi kwa Kijaluo, na mara nyingine kwa Kiswahili. Alipotaka kumsema mkubwa, hakumtaja. Aliwaleta wanyama. Katika wimbo wake Bim en Bim, ambaye tafsiri yake ni kwamba nyani ni nyani, aliwaacha wasikilizaji waamue wenyewe nyani ni nani.

Twaomba msomaji alifikiri jambo hili, maana ndilo kiini cha ufundi wake. Wazee wetu walipoketi barazani hawakumshitaki mtu kwa kumtolea kidole. Walisimulia hadithi ya fisi au ya sungura, na mwenye kosa akainamisha kichwa mwenyewe. Misiani aliichukua desturi hiyo akaitia katika gitaa. Mkubwa akikasirika kwa kisa cha nyani, amekwisha kujitaja mbele ya watu wote. Na raia akicheka, hana neno la kuulizwa, kwani amecheka kisa cha nyani tu. Fumbo la namna hii humheshimu msikilizaji, kwa sababu nusu ya kazi ameachiwa yeye.

Hata hivyo fumbo halikuwa ngao ya kutosha. Zaidi ya mara moja Misiani alitiwa kifungoni kwa ajili ya maneno ya nyimbo zake, yaliyodhaniwa kuwa ya uchochezi. Mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka alihitaji ushujaa zaidi kusema hayo kuliko mwenyeji. Naye kila alipotoka alirudi kwenye gitaa lake. Mwimbaji aliweza kufungwa, lakini wimbo haukuweza, kwa kuwa ulikwisha kuingia katika vinywa vya watu wa sokoni. Fumbo halikumwokoa mtunzi, liliuokoa utungo.

Sifa yake ilifika Ulaya pia. Mwaka 1989 huko Uingereza ilitolewa santuri kubwa yenye jina la Piny Ose Mer, na watu wasiojua neno moja la Kijaluo wakaicheza. Lakini makao yake yalibaki huku ziwani, na safari zake zilikuwa za watu wa kawaida. Tarehe 17 Mei, 2006, alifariki katika ajali ya matatu mjini Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66. Aliyewaimbia wasafiri wa barabara hizi kwa miaka mingi alikufa safarini kama mmoja wao.

Ndugu wanachama, chama cha ustawi hakitazami tumbo na jeneza peke yake. Mali yaweza kupotea pasipo mtu kuiba. Vijana wetu wengi leo wakisikia benga huinuka mara moja kwa sehemu ya pili, nao wachache wangoja kusikia ya kwanza. Wanayo miguu ya wimbo, lakini masikio yake yamo katika kufa, kwa kuwa hawaelewi tena mafumbo ya Kijaluo cha ndani. Wimbo wa Misiani ukibaki bila mtu wa kulifumbua fumbo lake, basi yale ambayo kifungo kilishindwa kuyafanya tutakuwa tumeyafanya sisi wenyewe kwa uvivu.

Kwa hiyo twamsihi kila mzee aliye na nyimbo hizi nyumbani awaite wajukuu, aupige wimbo, ausimamishe, na aulize: nyani huyu ni nani? Asiwape jibu upesi. Marehemu naye hakutupa.