Padri Stefano Kaoze, Mtoto wa Shule ya Mpala

Zamani nchi ya Marungu, iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa nchi ya machozi. Wafanya biashara ya watumwa walikuja na bunduki. Walichoma vijiji, wakafunga watu minyororo. Watoto wengi walibaki bila baba wala mama.

Kando ya ziwa, mahali paitwapo Mpala, palikuwa na boma lililojengwa mwaka 1883 na askari Mbelgiji, jina lake Storms. Mwaka 1885 boma hilo lilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Mapadri walikomboa watoto watumwa, wakawalisha na kuwafundisha humo. Kapteni Joubert, Mfaransa, aliwalinda watu waliokimbilia kwao. Hivyo nyumba ya askari ikawa shule.

Siku zile za vita, karibu mwaka 1886, Kaoze alizaliwa huko Marungu. Alipokua alisoma Mpala, akabatizwa, akaitwa Stefano. Kisha akaanza masomo ya upadri. Masomo hayo ni marefu na magumu, na katika Kongo ya Wabelgiji hakuna Mkongo aliyekuwa ameyamaliza. Kama Stefano angeshindwa, wengi wangesema kwamba Mwafrika hawezi. Lakini yeye hakuacha. Mwaka 1911, angali mwanafunzi, maandiko yake juu ya fikira za Wabantu yalichapishwa kwa Kifaransa.

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, karibu na Moba, Askofu Roelens alimpa upadri. Ndiye Mkongo wa kwanza kuupata katika Kongo ya Wabelgiji. Nchi ya Kivu nayo, pamoja na Bukavu, ilikuwa chini ya askofu huyo mpaka mwaka 1929.

Mwaka 1947 Padri Kaoze aliketi katika Baraza la Serikali huko Léopoldville, akiwa miongoni mwa Wakongo wa kwanza kuingia humo. Alikufa mwaka 1951.

Tangu Mapadri walipopokea boma la Mpala mpaka siku ile ya 1917, miaka 32 ilipita. Kuta za shule husimama upesi, bali mtu hujengwa polepole. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali
1. Kwa nini watoto wengi wa Marungu walikuwa yatima?
2. Boma la Mpala lilikuwa kazi ya nani? Baadaye likawa nini?
3. Kama Stefano angeacha masomo, watu wangesema nini?