Mchungaji Dkt. Howard S. Olson (1922–2010): Mwalimu Aliyekubali Kuwa Mwanafunzi

Katika kuadhimisha miaka mia moja ya usharika, haifai kuzitaja kwaya zetu bila kumkumbuka marehemu Mchungaji Dkt. Howard S. Olson wa Makumira. Wako wengi waimbao matunda ya kazi yake bila kulijua jina lake.

Kuzaliwa na wito

Alizaliwa mwaka 1922 huko St. Peter, Minnesota, nchini Marekani. Mwaka 1946 alitumwa Tanganyika na Kanisa la Augustana, lililoanzishwa na wahamiaji kutoka Sweden. Alitumika kwanza miongoni mwa Wanyaturu wa Singida. Lugha yao ni ya toni: sauti ikipanda au kushuka, maana yaweza kubadilika. Aliichunguza kwa bidii hata akaiandikia tasnifu ya uzamivu, iliyotolewa Hartford mwaka 1964. Ndipo akawa mwalimu katika Chuo cha Theolojia Makumira, chini ya Mlima Meru.

Uimbaji alioukuta

Wamisionari wa Leipzig walioanza kazi Nkoaranga mwaka 1902 walileta tuni za Kijerumani, zikapendwa, na hadi leo zinapendwa. Lakini ngoma na tuni za wenyeji ziliachwa nje ya mlango wa kanisa, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa za mila za zamani. Tena tafsiri zilikuwa na taabu yake. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, lakini tuni nyingi za Ulaya huanza kwa noti nyepesi na kumaliza mstari kwa noti nzito. Basi silabi dhaifu ikabebeshwa uzito, na neno likapoteza sura yake.

Kujifunza upya

Darasani Dkt. Olson alifundisha Kiyunani, akaandika na kitabu cha kufundishia lugha hiyo kwa Kiswahili. Katika uimbaji wa Kiafrika, hata hivyo, walimu walikuwa wanafunzi wake. Hao walitoka pande nyingi za nchi, kila mmoja akiwa na tuni za kwao. Aliwahimiza wazilete na kuzitungia maneno ya Kikristo.

Kazi hiyo ilimdai mtu aliyekwisha kupita miaka arobaini, mwenye elimu na utumishi mrefu, ajifunze upya. Tuni nyingi zilikuwa za noti tano, si saba. Kiongozi alianza, nao wengine wakaitikia kabla hajamaliza. Mapigo mawili tofauti yalikwenda pamoja, wala hayakuandikika kwa urahisi katika mistari ya noti. Tena hapakuwa na kanuni moja kwa Waafrika wote: Wahaya walikuwa na ngoma zao, ilhali Wamasai na Waarusha huimba kwa desturi yao bila ngoma, mapigo yakitoka kooni na mwilini mwa waimbaji.

Matunda

Nyimbo zilizokusanywa zilitolewa katika kitabu Tumshangilie Mungu. Bernard Kyamanywa alitunga Mfurahini, Haleluya, wimbo wa Pasaka kwa tuni ya Kihaya. Naye Wilson Niwagila alitunga wimbo wa kumwomba Roho Mtakatifu, Njoo Kwetu, Roho Mwema. Dkt. Olson alizitafsiri kwa Kiingereza, na mwaka 1977 zikatoka Marekani katika mkusanyo Lead Us, Lord. Nyimbo hizo mbili zimo pia katika kitabu cha ibada cha Walutheri wa Marekani na Kanada cha mwaka 2006. Hivyo tuni zilizokuwa zimefungiwa mlango hapa kwetu zikaimbwa katika makanisa yaliyowatuma wamisionari.

Miaka ya mwisho

Alistaafu mwaka 1988, baada ya utumishi wa miaka 42, akarudi Marekani, na huko alifariki mwaka 2010.

Walimu wa kwaya na wapiga tarumbeta wetu wana la kujifunza kwake. Ujuzi mwingi waweza kumfanya mtu akatae mtindo asioufahamu, hasa ukiletwa na aliye mdogo kwake. Dkt. Olson hakuziacha tuni za wazee wake. Alikubali kusahihishwa na vijana aliowafundisha, na Kanisa likapata sauti ambayo halikuwa nayo.