Marvin Gaye: Albamu iliyomgombanisha na shemeji yake

KATIKATI ya mwaka 1970, mwimbaji Marvin Gaye aliingia studio mjini Detroit, Marekani, akarekodi wimbo ambao mwajiri wake hakutaka utoke. Mwajiri huyo, Berry Gordy, mwasisi wa kampuni ya kurekodi muziki ya Motown, alikuwa pia shemeji yake, kwa kuwa Marvin alikuwa amemuoa dada yake, Anna.

Gordy aliusikiliza wimbo huo akaukataa. Aliona umeegemea mno upande wa jazi, wa aina ambayo wakati wake ulikuwa umepita, na kwamba kijana aliyependwa na akina mama kwa nyimbo za mahaba hakuwa na sababu ya kuimba habari za vita na virungu vya polisi.

Marvin alijibu kwa kugoma. Alitangaza kwamba hatarekodi tena chochote kwa ajili ya Motown mpaka wimbo huo, What's Going On, utakapotolewa. Kutokana na mgomo huo ilizaliwa albamu yenye jina hilo hilo, iliyobadili mwelekeo wa muziki wake na wa kampuni nzima.

Wengi wetu tunamfahamu mwanamuziki huyu kupitia nyimbo laini za mapenzi zinazopigwa redioni usiku. Huyo ni Marvin Gaye wa kweli, lakini si Marvin Gaye wote.

Alizaliwa Aprili 2, 1939, mjini Washington, akiwa na jina la baba yake, Marvin Gay. Herufi ya mwisho katika jina lake la ukoo aliiongeza mwenyewe alipoanza kurekodi nyimbo zake. Baba alikuwa mhubiri katika kanisa dogo lililoitwa House of God, lililochanganya imani ya Kipentekoste na baadhi ya desturi za Kiyahudi, ikiwamo kushika Sabato. Marvin alianza kuimba kanisani humo akiwa mtoto mdogo.

Nyumbani hali ilikuwa tofauti na ile ya madhabahuni. Mzee Gay alikuwa mkali kupita kiasi, na kipigo kilikuwa sehemu ya maisha ya watoto wake kwa miaka mingi. Mama yake, Alberta, ndiye aliyekuwa kimbilio. Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 17, Marvin aliikimbia nyumba hiyo kwa kujiunga na Jeshi la Anga, lakini huko nako alikuta amri na makaripio. Mwaka uliofuata aliachishwa kazi kwa kushindwa kutii wakubwa wake.

Tabia hiyo ya kutokubali kuamrishwa inafaa kukumbukwa, kwa sababu ndiyo iliyokutana na Berry Gordy miaka michache baadaye.

Marvin alifika Detroit akiwa na mwalimu wake wa muziki, Harvey Fuqua, ambaye alimwingiza katika kundi lake la The Moonglows mwaka 1959. Wakati huo Gordy alikuwa ameanzisha kampuni yake kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa ndugu zake, katika nyumba ya kawaida iliyoko barabara ya West Grand Boulevard. Aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari, na aliiendesha Motown kama kiwanda hicho. Watunzi waliandika, wapiga vyombo walipiga, waimbaji waliimba, kisha kikao cha wakubwa kiliamua wimbo upi utoke na upi ubaki kabatini. Wasanii walifundishwa hata namna ya kutembea na kukaa mbele ya watu.

Mashine hiyo ilimtajirisha Marvin. Alianza kwa kupiga ngoma katika nyimbo za wenzake, na albamu yake ya kwanza ya mwaka 1961, iliyojaa nyimbo za zamani za kimahaba zenye ladha ya jazi, haikuuzika. Baada ya hapo alikubali kufuata mkondo. Stubborn Kind of Fellow ya mwaka 1962 ilimfungulia milango, ikafuatiwa na vibao vingi vilivyotamba katika chati za Marekani. Alishiriki pia kutunga Dancing in the Street, kibao kilichoimbwa na Martha and the Vandellas mwaka 1964.

Kilele cha kipindi hicho kilikuwa I Heard It Through the Grapevine, wimbo uliokaa kileleni mwa chati kwa wiki saba kuanzia Desemba 1968. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo: wimbo huo nao Gordy alikuwa ameukataa, na ulitoka baada ya watangazaji wa redio kuuibua ndani ya albamu. Bosi huyo, pamoja na kipaji chake kikubwa cha kuchagua nyimbo, alikuwa ameshakosea mara moja kuhusu shemeji yake.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalimkuta Marvin akiwa na majonzi. Tangu mwaka 1967 alikuwa akiimba na binti aitwaye Tammi Terrell, na sauti zao ziliingiana kiasi kwamba wasikilizaji wengi waliwadhania wapenzi. Oktoba mwaka huo, wakiwa jukwaani katika chuo kimoja cha jimbo la Virginia, Tammi alianguka mikononi mwake. Madaktari waligundua kwamba alikuwa na uvimbe katika ubongo. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, na akafariki dunia Machi 16, 1970, akiwa na umri wa miaka 24.

Marvin aliacha kupanda jukwaani. Alifuga ndevu, jambo ambalo Motown isingelipenda, na alijifungia nyumbani. Kwa muda alifanya mazoezi makali akitaka kusajiliwa na timu ya soka ya Kimarekani ya Detroit Lions, lakini timu hiyo haikumchukua. Alichokipata huko ni marafiki wawili, wachezaji Mel Farr na Lem Barney, ambao tutakutana nao tena studio.

Wakati huo mdogo wake, Frankie, alikuwa amerejea kutoka vitani Vietnam. Masimulizi yake, pamoja na barua alizokuwa akituma, yalimtesa Marvin. Detroit yenyewe ilikuwa bado na makovu ya ghasia za Julai 1967, zilizoua watu 43. Marvin alianza kujiuliza inakuwaje mtu aendelee kuimba habari za busu katika mji wa namna hiyo.

Si haki, hata hivyo, kumpa yeye peke yake sifa ya wazo lile, kama inavyofanyika mara nyingi. Aliyeuanza wimbo ni Renaldo Benson wa kundi la Four Tops, ambaye mwaka 1969 aliwaona polisi wakiwapiga vijana waandamanaji mjini Berkeley, California. Alianza kuutunga pamoja na Al Cleveland, lakini wenzake katika kundi waliukataa kwa kuuona ni wimbo wa maandamano. Benson akaupeleka kwa Marvin, naye akauongezea maneno na kuurekebisha, akikusudia kwanza kuwapa kundi jingine, The Originals. Benson ndiye aliyemshawishi auimbe mwenyewe.

Yaliyotokea studio yanasimuliwa hadi leo na wapenzi wa muziki. Mpiga saksafoni Eli Fontaine alipiga vipande vichache kupasha chombo chake moto, Marvin akamwambia kazi yake imekwisha. Vipande hivyo ndivyo vinavyoufungua wimbo. Mpiga besi James Jamerson, ambaye wengi wanamhesabu miongoni mwa wapiga gitaa hilo bora kuliko wote, inasemekana alitolewa kwenye klabu akiwa amelewa, hata akashindwa kukaa kitini, akapiga sehemu yake akiwa amelala chali sakafuni. Mel Farr na Lem Barney walikuwapo pia, na sauti zao ni miongoni mwa zile za watu wanaosalimiana kama vile wamekutana kwenye sherehe.

Marvin alirekodi sauti yake mara mbili ili achague iliyo bora. Fundi mitambo akazichezesha zote mbili kwa pamoja kwa makosa. Badala ya kukasirika, Marvin alilipenda kosa hilo, na tangu siku hiyo sauti mbili au tatu za mtu yule yule, zikijibizana na kufunikana, zikawa alama ya uimbaji wake.

Mgomo uliisha Januari 1971, pale viongozi wa idara ya mauzo ya Motown walipoutoa wimbo huo bila Gordy kujua. Nakala za mwanzo ziligombewa madukani. Ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya muziki wa watu weusi na ya pili katika chati kuu. Gordy, ambaye hakuwa mtu wa kubishana na fedha, alimfuata Marvin nyumbani akamtaka albamu nzima, na safari hii akamwachia uhuru wa kufanya anavyotaka, ilimradi amalize kabla ya mwisho wa Machi.

Kazi kubwa ilifanyika mwezi huo wa Machi, kwa siku zipatazo kumi. Marvin mwenyewe ndiye aliyekuwa mtayarishaji, akisaidiwa na David Van DePitte aliyepanga sehemu za fidla na pembe, huku wanamuziki wa okestra ya Detroit wakiungana na wapiga vyombo wa Motown. Nyimbo tisa ziliunganishwa hivi kwamba moja inaingia ndani ya nyingine karibu bila kituo, kwa muda wa takribani dakika 35. Msikilizaji anaanza na askari anayerudi nyumbani na kukuta hakuna kazi, anapita kwa kijana aliyenaswa na heroini, anafika kwenye bahari iliyochafuliwa kwa mafuta, na kuishia katika mitaa ya watu wanaolipa kodi wasiyoimudu. Katikati yake ziko sala.

Kinachoshangaza ni upole wake. Hakuna ngumi inayopigwa mezani. Ghadhabu yote imewekwa ndani ya sauti ya mtu anayebembeleza, na kwa maoni ya mwandishi huyu hapo ndipo ilipo nguvu ya albamu hii kuliko nyimbo nyingi kali za miaka ile ambazo leo zinasikika kama hotuba za mkutano uliokwisha.

Ilitoka Mei 21, 1971. Kwenye jalada anaonekana Marvin mwenye ndevu, amevaa koti jeusi la mvua, matone yamemtanda kichwani. Ndani yake, kwa mara ya kwanza katika historia ya Motown, yaliorodheshwa majina ya wapiga vyombo, watu waliokuwa wamepiga katika vibao vingi vya kampuni hiyo kwa zaidi ya miaka kumi bila kutajwa. Ni jambo dogo kwa msikilizaji, lakini kwa mwanamuziki aliyekaa nyuma ya jukwaa maisha yake yote si dogo hata kidogo.

Nyimbo tatu za albamu hiyo ziliingia katika kumi bora za Marekani. Hata hivyo, haikuambulia tuzo hata moja ya Grammy. Jarida la Rolling Stone, lililoipa nafasi ya sita kati ya albamu 500 bora za wakati wote mwaka 2003, liliipandisha hadi nafasi ya kwanza mwaka 2020.

Motown ilimpa Marvin mkataba mpya wa dola milioni moja. Mei 1972 mji wa Washington ulimtengea siku maalumu, naye akarejea jukwaani katika ukumbi wa Kennedy Center. Stevie Wonder, aliyetimiza miaka 21 mwezi ule ule albamu ilipotoka, alidai naye uhuru wa aina hiyo, na albamu zake za miaka iliyofuata ni matunda ya mlango huo uliofunguliwa.

Marvin mwenyewe hakubaki katika njia hiyo. Mwaka 1973 alirudi kwenye mapenzi kwa Let's Get It On. Ndoa yake na Anna ilivunjika, na mapato ya albamu Here, My Dear ya mwaka 1978 yaligeuzwa kuwa sehemu ya malipo ya talaka. Madeni ya kodi na kokeini vilimwandama. Mwaka 1981 Motown ilitoa albamu yake bila ridhaa yake, naye akaihama kampuni hiyo moja kwa moja. Alipumzika kwa muda Ostend, mji wa pwani nchini Ubelgiji, ambako alianza kazi ya Sexual Healing, kibao kilichompatia Grammy zake mbili za kwanza mwaka 1983.

Baada ya ziara ya mwaka huo, akiwa amechoka na kuzidiwa na dawa za kulevya, alihamia Los Angeles katika nyumba aliyowanunulia wazazi wake. Baba na mwana wakawa tena chini ya paa moja. Aprili Mosi, 1984, baada ya ugomvi ulioanza kwa baba kumfokea mama, na Marvin kumshambulia baba yake, Mzee Gay alimpiga mwanawe risasi kwa bastola ambayo Marvin mwenyewe alikuwa amempa. Ilikuwa imebaki siku moja atimize miaka 45.

Mahakama ilimhukumu mzee huyo kifungo cha miaka sita kilichosimamishwa, pamoja na miaka mitano ya uangalizi. Mkewe Alberta aliomba talaka. Mzee Gay alifariki dunia mwaka 1998.